Mpapindi wa Pemba: kwa nini mti unaoonekana bado uko hatarini

Kuna mti wa jamii ya minazi ambao kwa asili yake hauoti popote duniani isipokuwa Pemba. Wenyeji huuita mpapindi, na kwa jina la kitaalamu ni Chrysalidocarpus pembanus. Makao yake makuu ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, ukishapita Konde na mashamba ya mpira kuelekea Ras Kigomasha. Shina lake ni jembamba, limejaa alama za pete kila palipoanguka kuti, na mara nyingi mashina kadhaa huchomoza kutoka tako moja. Ukikua vizuri hufika mita 12 hivi, na matunda yake madogo huiva mekundu. Chini ya mivule na misufi mwitu ya Ngezi, mpapindi ni mti wa daraja la chini: huishi kivulini na haushindanii jua na wakubwa wake.

Mgeni anayeingia Ngezi na kiongozi wa msitu huoneshwa mpapindi mapema tu, na pengine hukuta mingine mbele ya safari. Hapo huzuka swali la haki kabisa. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, umeuingiza mti huu katika Orodha Nyekundu, ile orodha ya viumbe vinavyokabiliwa na hatari ya kutoweka. Mbona basi unaonekana? Mti ambao mtu anaweza kuugusa kwa mkono bila kuutafuta siku nzima umekuwaje hatarini?

Jibu linahitaji subira kidogo, kwa sababu linapingana na mazoea yetu ya kupima usalama wa kitu kwa wingi wake. Hoja ya makala haya ni kwamba hatari ya mpapindi haitokani na uchache wa mashina. Inatokana na uchache wa mahali. Tukilielewa hilo, tutaona pia kwa nini ulinzi unaofanywa Ngezi hivi sasa, pamoja na umuhimu wake wote, ni nusu tu ya kazi.

Hatari hupimwa vipi

Wanaoandaa Orodha Nyekundu hawahesabu miti peke yake. Wanatazama kasi ya kupungua kwa spishi katika vizazi vitatu, ukubwa wa eneo inamoishi, idadi ya waliokomaa na kuweza kuzaa, na namna walivyotawanyika. Kipo pia kigezo kilichowekwa mahsusi kwa viumbe kama mpapindi: spishi inaweza kuhesabiwa kuwa hatarini hata kama haipungui leo, maadamu eneo inalokalia halifiki kilomita za mraba 20 au mahali inapopatikana hapazidi patano, na lipo tishio la kweli linaloweza kuifikia kwa muda mfupi.

Katika hesabu hii, mahali hapamaanishi kijiji wala shamba. Ni eneo ambalo tukio moja linaweza kuvikumba viumbe vyote vilivyomo: moto mmoja, dhoruba moja, ugonjwa mmoja, au uamuzi mmoja wa ofisini. Kwa hiyo miti elfu kumi iliyosimama katika msitu mmoja mdogo huhesabiwa kuwa mahali pamoja, na miti mia moja iliyogawanyika katika misitu kumi iliyo mbalimbali huhesabiwa kuwa mahali kumi. Kwa kigezo hiki, hiyo mia ina nafasi nzuri zaidi ya kuuona mwisho wa karne.

Hifadhi ya Ngezi yote, pamoja na upande wa Vumawimbi, haifiki kilomita za mraba 30. Msitu mrefu wenye unyevu, ambao ndio unaoufaa mpapindi, ni sehemu tu ya hapo. Sehemu nyingine ni vichaka vya pwani, mikoko, kinamasi, na ule uwanda wa mchanga wenye vichaka vifupi vya Erica mafiensis, mmea ambao nao ni wa Pemba na Mafia tu. Mtu hodari wa miguu anaweza kuuvuka msitu mrefu kati ya sala ya alasiri na ya magharibi.

Tanzania inao mfano unaoonesha mahali pa pili panavyookoa. Mti wa maua mekundu uitwao Erythrina schliebenii ulikusanywa na wataalamu mkoani Lindi katika miaka ya 1930. Baadaye msitu ulipotoka ukafyekwa kupisha mikorosho, na mwaka 1998 mti huo ukaorodheshwa kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana tena, safari hii katika misitu ya Kilwa. Haukuokolewa na mpango wowote. Ulikuwa na mahali pengine ambapo orodha hazikupajua. Mpapindi hauna Kilwa yake. Bahari imeuzunguka pande zote.

Ndugu walio ng'ambo ya maji

Ili kuona ukubwa wa hasara inayoweza kutokea, tuwatazame ndugu wa mti huu. Mwaka 1962 Harold E. Moore wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ndiye aliyeutangaza mpapindi kwa jina la kitaalamu. Mwaka 1995 Henk Beentje na John Dransfield wakauhamishia katika jenasi ya Dypsis. Beentje alikuwa ameshaandika tathmini ya misitu ya Unguja na Pemba mwaka 1990. Kisha mwaka 2022, baada ya uchunguzi wa vinasaba, ukarudishwa katika jenasi yake ya mwanzo. Katika mabadiliko yote hayo jambo moja halikutikisika: ndugu wengine wote wa jenasi hii wako Madagaska na visiwa vya Komoro. Mpapindi peke yake ndio ulioko nje ya huko.

Mmoja wa ndugu hao wasomaji wengi wanamfahamu kwa sura. Ni ule mmea wa makuti laini yenye umanjano unaopandwa kwenye mapipa na kupambia kumbi za hoteli, mabenki na ofisi duniani kote, Chrysalidocarpus lutescens. Kwao ni mashariki ya Madagaska. Hoteli nyingi za pwani yetu zimeupanda bila wenyewe kujua kwamba binamu yake yuko Pemba, na kwamba huyo wa Pemba ndiye anayehitaji kupandwa.

Mti wenye jamaa zake Madagaska ulifikaje hapa? Jiografia ya Pemba inatusaidia. Unguja na Bara vimetenganishwa na bahari isiyo na kina kirefu. Katika zama za barafu maji yalipopungua, Unguja iliungana na Bara, na wanyama na mimea wakavuka kwa miguu na kwa mizizi. Pemba ni habari nyingine. Kati yake na Bara upo mkondo wa upana wa kilomita 50 hivi, wenye kina kinachofika mita 800, na kisiwa kimekaa peke yake kwa muda mrefu mno. Wakati huohuo bahari inaleta vitu kutoka upande wa pili. Mkondo wa maji unaopita ncha ya kaskazini ya Madagaska hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, hugawanyika hapo, na tawi lake moja hupanda kaskazini mwaka mzima kupita Mafia, Unguja na Pemba. Gogo, kisiki au rundo la magugu lililong'olewa na mafuriko huko kusini hupata njia ya kuja huku.

Mpapindi si peke yake uliokuja kwa njia ya visiwani. Popo wa Pemba, Pteropus voeltzkowi, popo mkubwa mla matunda, hapatikani kwingine kokote, na jenasi yake haipo kabisa Bara la Afrika. Iko Mafia, Komoro, Madagaska, Shelisheli na kuendelea hadi Asia. Ndege wanne nao ni wa Pemba tu: ninga, bundi, chozi na kijichomanjano wa kisiwa hiki. Pemba kwa viumbe ni kituo ambapo Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi hukutana. Hakuna hifadhi ya Usambara, Udzungwa au Shimba inayoweza kuubeba mpapindi kwa niaba yake, kwa kuwa huko haukuwahi kufika.

Dhoruba ya mwaka 1872

Pemba haikuwa msitu mtupu uliosubiri kuharibiwa juzi. Tumbe, kwenye pwani ya kaskazini, palikuwa na mji wa Waswahili tangu karne ya saba, na wakazi wake walilima, walivua na kufanya biashara na ng'ambo. Chwaka, Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu na Pujini zinasimulia habari hiyohiyo. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kilimo na msitu viliishi kisiwani kwa kupishana: shamba lililimwa, likaachwa, likarudi kuwa pori.

Kilichovunja mzunguko huo ni karafuu, na kilichoileta karafuu Pemba kwa kishindo ni upepo. Mikarafuu ilikuwa imeingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na ilistawi zaidi Unguja. Aprili 1872 kimbunga kikaipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake kwa pigo moja. Pemba ikasalimika. Bei ikapanda, na wenye mitaji wakahamia kisiwa kilichopona. Milima na mabonde yakafyekwa, mikarafuu ikapandwa kwa mistari, kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka Bara, mpaka sheria ilipoondoa hadhi ya utumwa mwaka 1897. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar imekuwa ikitoka Pemba. Msitu mrefu uliofunika kisiwa ukageuka mabaki yaliyosukumwa pembezoni: Ngezi kaskazini magharibi, Msitu Mkuu na Ras Kiuyu kaskazini mashariki. Ngezi wenyewe ulikatwa mbao kwa miaka mingi kabla ya kutangazwa hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mwaka huo wa 1872 unastahili kutulia kidogo mikononi mwa msomaji, maana una mafunzo mawili. La kwanza linafahamika: mahitaji ya soko yanaweza kubadili sura ya kisiwa katika kizazi kimoja. La pili husahaulika. Watu husema vimbunga haviji huku kwetu, karibu na Ikweta. Ni kweli ni nadra, lakini nadra haina maana ya kamwe. Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikaiharibu Mafia na pwani ya kusini. Kama upepo wa 1872 ungepita kaskazini zaidi, historia ya karafuu ingeandikwa vingine, na pengine ya mpapindi pia. Spishi iliyo mahali pamoja haihitaji misiba mingi ili imalizike.

Dhoruba si msiba pekee wa kufikiriwa. Minazi ya pwani ya Bara imewahi kufyekwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huua mnazi mzima kuanzia matunda hadi kilele, na hakuna dawa ya shambani inayoutibu. Mkulima yeyote anamjua chonga, mdudu anayetoboa kilele cha mnazi. Mpapindi ni wa ukoo huo. Ugonjwa wa aina hiyo ukiingia katika msitu mmoja, hautachagua mashina ya kuacha.

Udhaifu wa kimaumbile

Umbo la mti huu lenyewe linaongeza uzito wa hoja. Mti kama mwembe ukikatwa tawi huchipua kwingine, na ukichubuliwa gome hujiponya kwa kujenga tabaka jipya chini ya ganda. Mitende, minazi na mipapindi haina tabaka hilo. Shina likishapata jeraha hubaki nalo maisha yake yote. Kila shina lina sehemu moja tu ya kukulia, ule moyo mweupe wa kileleni ambao kwa mnazi tunauita shaha. Ukiondolewa, shina limekufa. Kwa mpapindi ahueni ni kwamba huota kwa kichaka, kwa hiyo shina moja likifa tako linaweza kutoa jingine. Ahueni hiyo hufanya kazi maadamu udongo una unyevu na juu kuna kivuli.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapoitafuta hatari. Mtu anayeingia msituni na shoka hautafuti mpapindi. Mbao zake si za milango, na shina lake lenye nyuzi halitoi makaa yenye moto. Anautafuta mvule kwa ajili ya mbao, anatafuta nguzo na fito za kujengea, anatafuta kuni kavu. Lakini mti mkubwa ukianguka huacha tundu angani. Jua hushuka, udongo hukauka, mitambaazi na magugu yanayopenda mwanga huinuka, na miche midogo ya mpapindi iliyozoea giza hushindwa. Moto uliowashwa kusafisha shamba jirani ukiingia kwenye ukingo uliokauka, huenda mbali kuliko ambavyo ungeenda zamani. Mpapindi hufa kwa shoka lisiloukusudia.

Kwa hiyo kuulinda mti huu kwa kukataza usikatwe ni kufunga mlango usiopitwa na mwizi. Kinachotakiwa kulindwa ni kivuli, maji na majirani zake.

Jiko la nje ya msitu

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 540,000 Pemba, katika kisiwa cha kilomita za mraba 980 na kidogo. Hiyo ni zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kila nyumba inapika. Umeme wa gridi ulifika mwaka 2010 kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na ulibadilisha mengi: taa, friji za samaki, mashine za maji. Lakini taa na chungu ni mambo mawili. Kuni na makaa bado ndivyo vinavyoivisha maharage katika nyumba nyingi, na gesi huja kwa chombo na bei ya chombo. Ongeza matanuu ya chokaa ambayo humeza magogo kwa siku kadhaa mfululizo, na ongeza ujenzi. Kuni hizo zote zina asili yake mahali fulani.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar haikulala. Kati ya 1980 na 1997 Finland iligharimia mradi wa maendeleo ya misitu uliopanda miti ya kuni na kuweka msingi wa uhifadhi. Mwaka 1996 ilipitishwa sheria ya misitu, Sheria Namba 10, iliyofungua njia ya jamii kusimamia misitu kwa mkataba na serikali. Kuanzia 2010 mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioendeshwa na Shirika la CARE pamoja na Idara ya Misitu kwa fedha za Norway, ulisaidia shehia nyingi za Unguja na Pemba kuandikiana mikataba hiyo. Kila shehia ilichora ramani: hapa pa kulima, hapa pa kukata kuni kwa zamu, hapa pasiguswe.

Mpango kama huu una tatizo ambalo wasimamizi wake wanalijua vizuri: shinikizo huhama. Ukizuia ukataji katika shehia moja na mahitaji ya kuni yakabaki palepale, mkataji huvuka mpaka akaenda kwa jirani. Ngezi, kwa kuwa ndiyo yenye miti mingi iliyobaki upande huo, ndiyo mwisho wa safari ya kila mahitaji yaliyofukuzwa kwingine. Askari wa msitu anaweza kumkamata mtu mwenye gogo. Hawezi kuikamata njaa ya makaa ya mji mzima. Bei ya gesi Wete na Chake Chake, mashamba ya mivinje na mikesha ya kuni, na majiko yanayobana moto vina uhusiano wa moja kwa moja na mpapindi, ingawa hakuna ofisi inayoviweka katika faili moja.

Somo la popo, na mpaka wake

Anayedhani kiumbe cha Pemba kikishaingia Orodha Nyekundu basi hakirudi, amtazame popo wa Pemba. Alikuwa akiwindwa kwa bunduki na nyavu kwa ajili ya nyama, na mwaka 1996 aliorodheshwa katika daraja la juu kabisa la hatari. Zikaundwa klabu za vijijini za kumlinda, elimu ikatolewa mashuleni, bunduki zikadhibitiwa, na watu wa Kidike wakaanza kupokea wageni wanaokuja kuwatazama popo wakining'inia mitini mchana. Vituo vingine vya popo vilikuwa tayari katika vichaka vya makaburi, ambako heshima ya waliolala pale ilikuwa imezuia shoka kabla ya sheria. Katika muongo wa kwanza wa karne hii hesabu zilifika popo wapatao 20,000, na daraja lake la hatari likashushwa.

Ushindi huo ulikuwa wa watu wa vijijini kwanza, na wataalamu waliufuata. Hata hivyo tusiunakili bila kutofautisha. Popo alikuwa akiuawa na watu waliomkusudia, na walipoacha, akapona. Ana mbawa, na alikuwa ametawanyika katika vituo vingi kisiwani. Mpapindi haukusudiwi na mtu, kwa hiyo hakuna wa kuambiwa aache. Wala hauwezi kuondoka Ngezi wenyewe kwenda kutafuta bonde jingine lenye maji. Atakayeupeleka ni mtu.

Nyumba ya pili

Wapo watakaosema tayari umepelekwa. Ni kweli: wapenzi wa mimea ya jamii ya minazi wameupanda katika bustani za Florida, Hawaii na Australia, na mbegu zake huuzwa. Lakini bustani za ng'ambo haziwezi kuwa akiba ya kutegemewa. Miti yake hutokana na mbegu chache zilizochumwa mara chache, kwa hiyo hubeba sehemu ndogo tu ya tofauti za kizazi chote kilichoko Ngezi. Tena huko hupandwa bega kwa bega na ndugu zake wa Madagaska, na jamii hii huchanganya mbegu kwa urahisi. Mche utakaorudishwa kutoka bustani ya namna hiyo unaweza kuwa chotara.

Ghala la mbegu nalo halisaidii sana. Mbegu za miti mingi ya misitu ya mvua, na za mitende mingi ya misitu hiyo, hazivumilii kukaushwa na kugandishwa kwa miaka kama tunavyofanya kwa mpunga au mtama. Akiba ya mpapindi lazima iwe mti ulio hai, ardhini, na ikiwezekana ardhi hiyo iwe Pemba.

Mahali papo. Msitu Mkuu na Ras Kiuyu zina sehemu kubwa za mawe na ukavu, kwa hiyo zisichukuliwe kwa jumla jumla. Wataalamu watafute humo vipande vyenye unyevu. Yapo pia mabonde ya vyanzo vya maji ambayo kwa vyovyote yanatakiwa yabaki na miti, na yapo mashamba ya mikarafuu mikongwe yenye kivuli kizito katikati na kusini ya kisiwa, mbali na Ngezi kiasi kwamba moto mmoja au dhoruba moja haitayafikia yote. Viwanja vya skuli, hospitali na vituo vya kilimo vinafaa kwa vikundi vidogo vinavyoandikwa katika daftari: mbegu ilichumwa kwenye mti upi, lini, na mche umepandwa wapi. Daftari hilo ndilo litakaloitofautisha akiba na pambo.

Kuna tahadhari moja inayotoka Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Huko mti wa musizi, Maesopsis eminii, uliingizwa kwa nia njema ili uote haraka na kuziba mapengo ya ukataji. Hondohondo wakala matunda yake, wakazitawanya mbegu zake, na ukajipenyeza ndani ya msitu wa asili ambao haukuwa wake. Kwa hiyo mapengo ya Ngezi yazibwe kwa miti ya Ngezi, hata kama inakua polepole, na mpapindi upelekwe pale tu ambapo hautaharibu mmea mwingine wa asili.

Na nani atalipa? Hapa binamu wa hotelini anarudi na jibu. Hoteli za Zanzibar hununua mimea ya mapambo, na nyingi hupanda mmea wa Madagaska. Vikundi vya vitalu vya Makangale, Konde na shehia nyingine zinazopakana na msitu vinaweza kuzalisha miche ya mpapindi kwa mbegu zinazochumwa kwa kibali cha Idara ya Misitu, na kuiuza kwa bei inayostahili mti usiopatikana kwingine duniani. Kila mche uwe na cheti cha kitalu, na mche usio na cheti ukamatwe kama gogo linavyokamatwa, la sivyo biashara yenyewe itageuka sababu ya kung'oa miche ya msituni. Sehemu ya mauzo iende kwenye mfuko wa shehia. Mti wa hoteli haulingani na mti wa msituni katika uhifadhi, lakini kitalu kinachojiendesha chenyewe ndicho kitakachotoa miche ya mabondeni mwaka baada ya mwaka, hata mradi wa wafadhili ukishafungwa.

Mpango wa namna hii unapimika kwa urahisi, na hiyo ni sifa yake. Idara ya Misitu ikiulizwa kuhusu mpapindi, isiishie kutaja idadi ya mashina yaliyohesabiwa Ngezi. Itaje mahali: pangapi penye mipapindi iliyokomaa, inayozaa matunda, na yenye miche yake yenyewe chini, palipo mbali na Ngezi kiasi cha kutoangamia siku moja nayo. Panapofika patano, tutakuwa na haki ya kusema mti huu umeanza kutoka hatarini. Kabla ya hapo, mipapindi mingi anayoiona mgeni kando ya njia haituhakikishii kitu.